Skopu za ndege zisizoumiza mfuko: maoni yangu baada ya kuzitumia hapa Uganda

Swali ninaloulizwa sana na madereva wenzangu wa watalii, na siku hizi hata na wanafunzi wanaopenda ndege, ni hili: ninunue skopu gani, yaani ile darubini ndefu ya jicho moja ya kuweka juu ya miguu, ya kupigia ndege picha kwa simu bila kuuza shamba? Jibu langu huwa ni lile lile. Angalia kioo cha mbele kina upana gani na utaisimamisha juu ya nini, halafu ndo uje kwenye zumu, manake zumu ndo kitu wauzaji wanakitangaza sana na ndo kitu kitakusaidia kidogo kuliko vyote. Nchi hii ina ndege zaidi ya aina 1,000, wengine wako mbali katikati ya mafunjo, wengine juu kabisa ya mti msituni, na binokula, ile darubini ya macho mawili, peke yake inafika mahali inagoma. Kwa hiyo skopu si anasa kwa mtu anayewapenda ndege au anayekula kupitia kwao. Hapa naongelea zile za kuanzia kama dola 50 mpaka 350 hivi. Zile za Swarovski za maelfu ya dola tuwaachie wageni wetu, tutaomba tuchungulie tu.

Tuanze na namba, manake wengi hapa ndo wanaliwa. Ukiona imeandikwa 20-60x80, maana yake inavuta mara 20 mpaka mara 60, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 80. Basi. Sasa chukua ule upana ugawe kwa mvuto unaotumia, unapata ukubwa wa kile kiduara cha mwanga kinachotokea nyuma mahali unapoweka jicho. Kwa mara 20 ni milimita 4, safi kabisa, picha inang'aa. Vuta mpaka 60 kiduara kinabaki milimita 1.3, picha inakuwa kama jioni hata kama ni saa nne asubuhi. Na simu inaumia kuliko jicho, kwa sababu ukitoka 20 kwenda 60 mwanga unaofika kwenye kamera unaweza kupungua karibu mara 9, yaani kama simu ilikuwa inapiga kwa 1/450 ya sekunde sasa inataka 1/50, na kwa 1/50 ndege akigeuza shingo tu ushapata ukungu. Simu inajaribu kujiokoa kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, picha inajaa chengachenga. Ndo maana picha zangu zote ninazozipenda nimezipiga kwenye mvuto wa chini kabisa wa skopu, 20 au 25, halafu nikakata picha baadaye kwenye simu.

Na usidhani mara 20 ni kidogo. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 26 hivi, ukizidisha kwa 20 unapata kama 520, ukiweka simu kwenye 2x unapita 1,000. Lenzi ya kamera ya urefu huo ni gari zima hapa kwetu.

Sasa kuna haya madude yanayotangazwa kwenye mitandao na kupangwa kwenye meza za mjini, monokula ndogo inaingia mfukoni, imeandikwa 40x60 au 80x100 kwa herufi kubwa za dhahabu. Kuna jamaa mmoja dukani Kampala aliniambia "kaka, hii inafika mpaka mwezini, unaona mashimo." Mwezi tunauona hata kwa macho, kaka yangu. Toa rula, pima kioo cha mbele. Kama kimeandikwa 60 na rula inasema 38, umeshajua unaongea na nani. Na kuna kipimo kizuri zaidi ambacho hakihitaji kuwa fundi: elekeza skopu kwenye anga au ukuta mweupe, ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, utaona kile kiduara cha mwanga kwenye kioo cha nyuma. Kipime kwa rula, zidisha kwa mvuto ulioweka, jibu likaribie upana wa kioo cha mbele. Likiwa dogo sana ama mvuto ulioandikwa ni uongo, ama kuna pete ndani inayobana mwanga. Angalia pia lile duara lenyewe, likiwa na kingo zilizokatwa kidogo kama pembe nne zenye kijivu, mara nyingi prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha, ni za kioo cha BK7, si BAK4 ambacho ni bora zaidi. Si mwisho wa dunia, ila usilipe bei ya BAK4.

Haya, modeli zenyewe.

Kwa mtu mwenye pesa kidogo kabisa kuna familia ya SVBONY SV28, na inakuja kwa saizi tatu, 15-45x50, 20-60x60 na 25-75x70. Kila mtu anakimbilia ile ya 70 kwa sababu ya ile 75. Piga hesabu mwenyewe, 70 gawa kwa 75 haifiki hata milimita 1, hapo hakuna skopu ya bei hiyo duniani itakayokupa picha ya maana, hiyo 75 iko pale kwa ajili ya boksi. Lakini ukiiacha kwenye 25 una milimita 2.8, na hapo kusema kweli kwa bei yake inashangaza, katikati ya picha kuna ukali wa kutosha kumtambua ndege na kumtuma mwenzako akuthibitishie. Mimi kwa mwanafunzi ningempa hii ya 70 na selotepu ya karatasi abandike ile pete ya zumu isizunguke. Ile ya 50 ni nyepesi na rahisi zaidi ila asubuhi mapema na msituni utaililia mwanga.

Ukipanda ngazi, dola mia na kitu mpaka mia mbili kutegemea unanunua wapi, unakuta Celestron Ultima, ya 65 yenye mvuto wa 18-55 na ya 80 yenye 20-60. Hizi zimekuwepo miaka mingi na ndo maana nazipenda, watu wengi wanazijua, adapta zake zinapatikana, na kioo cha mbele ni kikubwa kweli kweli. Hazina kioo cha ED, tutalifikia hilo. Ile ya 80 ni nzito, kwa mtu anayefanya kazi na gari si neno, kwa mtu wa kupanda vilima vya Kabale na Kisoro achukue ya 65, milimita 3.6 kwenye mvuto wa chini inatosha sana. Kwenye bei hiyo hiyo kuna Gosky ya 20-60x80 ambayo inakuja na adapta ya simu ndani ya boksi, na hilo kwa sisi si jambo dogo, manake adapta ukiiagiza peke yake inakuja na gharama zake za njiani.

Halafu ipo ambayo watu hawaizingatii kwa sababu inaonekana ndogo, Kowa TSN-501. 20-40x50, gramu 400 tu, simu mbili hivi. Kowa ni Wajapani wanaoheshimika sana kwenye skopu na hii ni ndogo yao ya bei ya chini, inakaribia dola 300. Mvuto unaishia 40 na mimi hilo naliona ni uungwana, hawakuandika namba ambayo kioo hakiwezi kuibeba. Skopu nyepesi inakubali miguu myepesi, yaani traipodi, na mtu anayetembea msitu wa Bwindi kutwa nzima atanielewa. Kuna na Celestron Hummingbird 9-27x56 ED, ndogo pia, inaanzia mara 9 tu na watu wanaicheka, lakini kwenye 9 unamkuta ndege haraka sana, unazungusha mpaka 20 na bado una karibu milimita 3 za mwanga. Ukinisukuma nichague moja ya kutembea nayo msituni kwa pesa yangu, ni hiyo au ile Kowa. Kwa kukaa sehemu moja, ufukweni au kwenye gari, ningechukua 80 yenye ED kama SVBONY SV406P ambayo ina pete mbili za kufokasi, moja ya haraka na moja ya taratibu. Ile ya taratibu inaokoa picha nyingi mno.

Nimetaja ED. Ni aina ya kioo inayopunguza ile rangi ya zambarau au kijani inayojichora pembeni ya kitu chenye mwanga mkali nyuma yake. Na sisi Kampala tuna kipimo cha bure cha hii kitu, kaloli. Wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni wako juu ya nguzo za taa na mapaa ya mjini mchana kutwa, hawaendi popote. Muombe muuzaji utoke nje na skopu, mtafute kaloli aliyesimama na anga nyeupe nyuma yake, angalia ukingo wa mdomo na mgongo. Kwa kioo cha kawaida utaona uzi wa zambarau, kwa ED unapungua sana. Halafu angalia ule upara, vile vinyoya vyake vichache, unaviona kimoja kimoja? Kama kwenye mvuto wa chini huvioni na ndege yuko ng'ambo ya barabara, rudisha. Kama muuzaji hataki utoke nje hata hatua kumi, hapo pia nenda zako. Kwa jicho ule uzi wa zambarau unaweza kuuzoea, kwenye picha ni mbaya zaidi, hasa ndege mweupe kama yangeyange au ndege mweusi kama mnandi aliyekaa juu ya mti mkavu na ziwa linang'aa nyuma.

Swali lingine ni iliyopinda au iliyonyooka. Iliyopinda, yaani kioo cha jicho kinaangalia juu kwa pembe ya digrii 45, ndo ninayowashauri wengi. Ndege wetu wengi wako juu kwenye miti, na ukiwa na iliyonyooka utainama mpaka shingo ikuume. Halafu ukiwa na wageni, mmoja ni mrefu wa futi sita na mwingine ni bibi mfupi, iliyopinda unaiweka chini kidogo na wote wanachungulia bila kupandisha na kushusha miguu kila saa. Miguu ikiwa chini inatulia zaidi. Iliyonyooka ina faida yake, kumpata ndege ni rahisi kwa sababu unaelekeza kama unavyoangalia, na dirishani mwa gari iko sawa. Kwa picha za simu pia iliyopinda ni nzuri, unaiona skrini ukiwa umesimama kawaida.

Traipodi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, manake ndo pesa inapotupwa. Mtu ananunua skopu ya dola 200 anaiweka juu ya traipodi ya simu ya shilingi 40,000 yenye miguu kama ya mbu, upepo wa ziwani unapita, picha zote zimetikisika, anasema skopu ni mbaya. Kwenye mvuto wa mara 25 kila mtikisiko nao unavutwa mara 25. Kama bajeti yako ni dola 250 zote, ningependa uweke 150 kwenye skopu na 100 kwenye miguu na kichwa, kuliko 230 na 20. Tafuta ya alumini yenye miguu minene, za mitumba za video zilizotoka Ulaya zinapatikana na nyingine ni imara mno, nzito ndiyo lakini imara. Kichwa kiwe kile cha video cha kwenda taratibu, si kile cha duara kama mpira kinachoangukia upande. Usipandishe ile nguzo ya katikati ya traipodi ila ukikosa kabisa, na kama una begi lenye chupa za maji litundike katikati chini. Utaona tofauti hapo hapo.

Wapi inafaa na wapi haifai, hilo nalo halisemwi. Mabamba, ile kinamasi ya magharibi ya Entebbe iliyoingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, mwaka 2006, kila mtu anaenda kumtafuta shubili, bulwe kwa Kiganda, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Watu wanabeba skopu wakidhani ndo mahali pake. Uko ndani ya mtumbwi jamani. Mtumbwi unacheza, traipodi inacheza, kila anayehema unamuona kwenye picha. Pale binokula ya 8x42 na kamera ya kushika mkononi ndo kitu, skopu iache kwenye gari, labda mtumbwi uwe umekwama kabisa kwenye mafunjo na watu watatu wakubali kutulia. Na inauma kwa sababu shubili ndo ndege bora wa skopu aliyewahi kuumbwa, anaweza kusimama sehemu moja muda mrefu bila kugusa hata unyoya akimvizia kambare mamba. Ukimpata ukiwa nchi kavu, shukuru Mungu na uwashe video.

Mahali ambapo skopu inalipa ni kwenye ardhi ngumu yenye upeo wa mbele. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ni shule nzuri ya kuanzia, miti mirefu, ziwa liko pale, hondohondo, shorobo, kwera wakisuka viota, furukombe akilia juu ya maji, na unaweza kukaa kutwa bila mtu kukuuliza. Mweya ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth ukisimama ile sehemu ya juu inayoangalia Mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha ziwa Edward na George, unawaona mwari na korongo wamejipanga ufukweni kule chini na hakuna binokula itakayokupa kile. Ukishuka kwenye boti ni hadithi nyingine, injini inatetemesha kila kitu. Korongo taji wakiwa mashambani kule kusini magharibi, mbali na barabara, hapo skopu ndo rafiki, unawapiga picha wakicheza bila kuwasogelea, na wale ni ndege wa taifa na wako hatarini, wakiwa na vifaranga tuwaache na nafasi yao.

Bwindi na Kibale ni mtihani. Giza la msitu linakula mwanga, ndege hatulii, na ukishafungua miguu ya traipodi kwenye kile kinjia chembamba ndege kashaondoka. Lakini kuna siku inabadilika. Ukishuka kutoka Ruhija, huko huko Bwindi, kwenda kinamasi ya Mubwindi kumtafuta yule domopana wa kijani ambaye watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kumfuata, kukiwa na kiota skopu inakuwezesha kusimama mbali sana nacho na bado mgeni akaona kila kitu. Hiyo kwangu ni sababu kubwa kuliko picha yenyewe. Kurudi huko ni kupanda mlima kweli kweli, ndo utakapojua kwa nini nilisema gramu 400.

Na jua. Sisi tuko kwenye ikweta, jua linachomoza karibu saa moja kasoro mwaka mzima na likishapanda halina huruma. Kuanzia saa nne na nusu, saa tano hivi, hewa juu ya maji na juu ya nyasi inaanza kucheza kwa joto, unaona ndege anayumba kama yuko ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hapo hata ile ya maelfu ya dola haikusaidii na kuvuta zaidi ndo unaharibu zaidi, manake unavuta na ile hewa. Saa moja mpaka saa nne, halafu saa kumi na moja jioni, hizo ndo saa za skopu. Baada ya mvua pia, hewa inakuwa imeoshwa, picha zinatoka kali ajabu. Kwa hiyo usiijaribu skopu mpya saa saba mchana ukairudisha dukani kwa hasira.

Simu sasa. Kupiga picha kupitia skopu si kitu cha jana, Mmalaysia mmoja, Laurence Poh, ndiye anayetajwa kuianzisha mwaka 1999 akiwa na kamera ndogo ya Nikon Coolpix mkononi, simu zimekuja kurahisisha tu. Adapta nyingi za bei rahisi ni za kubana, unabana simu halafu unabana kioo cha jicho. Shida kubwa ni kulenga lenzi katikati. Kaa mezani nyumbani, taratibu, sogeza mpaka uone duara kamili lenye kingo nyeusi sawa pande zote, kaza skrubu, halafu chora alama kwa kalamu ya maka ili kesho usianze upya. Lile duara jeusi pembeni litaondoka ukiweka simu kwenye 1.5 au 2x. Simu ziwe na kesi nyembamba au uivue kabisa. Simu nzito kubwa inavuta kioo cha jicho chini na adapta dhaifu inalegea katikati ya kazi, nilishaona simu ya mteja ikining'inia kwa skrubu moja juu ya maji, toka siku hiyo simu yoyote ikipanda kwenye skopu yangu inafungwa na kamba ya mkononi.

Simu za lenzi tatu nne zina tabia ya kubadilisha lenzi zenyewe, unazumu kidogo inaruka kwenye lenzi nyingine ambayo iko pembeni ya skopu na skrini inakuwa nyeusi. Ingia kwenye mipangilio uzime hiyo kubadilisha, uzime makro, ile ya vitu vya karibu sana, pia, tumia kamera kuu tu. Fokasi kwanza kwa skopu, halafu bonyeza skrini kwa muda mrefu pale kwenye jicho la ndege mpaka fokasi na mwanga vijifunge, shusha mwanga kidogo kama ndege ni mweupe. Usibonyeze kitufe kwa kidole, kidole ndo mtikisiko. Tumia taima ya sekunde 2, au rimoti ya bluetooth, au earphone za waya, kitufe cha sauti kinapiga picha kwenye simu nyingi. Na ukiweza piga video ya 4K, baadaye unatoa picha moja nzuri ndani yake, kila fremu ni kama megapikseli 8, inatosha kabisa kuweka eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege uliowaona, au kutuma kwa wataalamu wakubaliane ni nani yule. Kwa ndege wanaocheza cheza kama chozi na keremkerem, video ndo njia ya pekee, usijidanganye.

Kuna kitu lazima nikiseme hata kama kinapunguza hamu ya skopu. Kama unataka picha tu, huna wageni wa kuonyesha na huna raha ya kukaa ukiangalia, basi kamera ya zumu ndefu kama Nikon P950, inayofika sawa na milimita 2,000, au Canon SX70 inayofika 1,365, itakupa picha nyingi zaidi kwa siku, hata ndani ya mtumbwi wa Mabamba. Ni ghali kuliko hizi skopu zikiwa mpya ila za mitumba zinatokea. Skopu ni ya mtu anayetaka kuona kwanza halafu picha ifuate. Mimi nawaona wageni wanavyoshika mdomo wakimuona mdiria kwa karibu kupitia kioo, kamera haiwapi kile, lakini kila mtu na lengo lake.

Kuhusu kununua: bei unayoiona kwenye mtandao si bei yako. Weka usafiri, ushuru, na VAT ya 18% inayotozwa hapa, na angalia dola siku hiyo ni shilingi ngapi, piga hesabu yote kabla hujabonyeza. Ukiwa na mgeni anayekuja, muombe kistaarabu akubebee na mlipe mapema. Zile garanti za maisha ni nzuri kwa mtu aliyeko Marekani, kwako kuirudisha skopu kwa posta kunaweza kukugharimu karibu nusu ya skopu, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya garanti peke yake. Mitumba naipenda, wafanyakazi wa miradi na wanafunzi wa utafiti wakimaliza muda wao wanauza vitu, na skopu ya zamani ya kampuni nzuri, 60 yenye mvuto mmoja wa 30 bila zumu, inaishinda mpya ya 80 ya bei rahisi mchana na jioni. Zumu za bei ya chini zina uwanja mwembamba, unachungulia kama uko ndani ya bomba, ile ya mvuto mmoja inafunguka pana na simu inaipenda zaidi.

Ukinunua mtumba ingia na tochi. Mulika kutoka mbele, chungulia kutoka nyuma kwa pembe, tafuta vitu kama utando wa buibui au matawi madogo meupe ndani ya vioo. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu hapa, hasa ukikaa karibu na ziwa au Kisoro kwenye ukungu, inakula kioo polepole na kuifungua skopu kuisafisha fundi wa kawaida hawezi. Vumbi kidogo si tatizo, kuvu iache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Yako nayo isikae kwenye begi la kitambaa wiki nzima ikiwa na unyevu. Ukirudi ifute, iache kwenye hewa mpaka ikauke, halafu ndani ya kopo la plastiki la mfuniko wa kubana na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu, vingi. Vikishalowa vikaushe juu ya moto mdogo sana au juani, uvirudishe. Kioo usikifute kwa shati, kwanza puliza vumbi kwa ile pampu ndogo ya mpira, kisha brashi laini, kitambaa cha miwani kije mwisho.